Fedha Yetu Ina Wenyewe

Katika nyumba nyingi za nchi yetu lipo neno lisikikalo kila mwezi ufikapo katikati. Baba hulisema, mama hulisema, na vijana walioanza kazi juzi nao hulisema: "Fedha haikai." Hulisema kama watu wasemavyo habari za mvua au za upepo, yaani jambo litokalo mbali ambalo mwanadamu hana mamlaka juu yake. Mshahara uliingia tarehe 25. Leo ni tarehe 12, na aliyeupokea hawezi kueleza umekwenda wapi. Hakuibiwa. Hakuugua. Hakujenga. Ukimwomba aandike alivyoutumia, ataandika kodi ya nyumba, unga, mchele na nauli. Kisha kalamu itasimama, na sehemu kubwa ya fedha itabaki bila jina.

Sisi twasema fedha haina miguu. Ilipotoka ilitolewa kwa mkono, tena mara nyingi kwa mkono wenye furaha. Basi swali letu la juma hili si swali la hesabu peke yake. Twataka kuuliza: mtu atoaye fedha yake kwa msukumo wa dakika moja, akanunua kitu ambacho hakukikusudia alipotoka nyumbani, amekosa nini? Je, ni uzembe mdogo tu, ambao mtu mzima husamehewa kwa kuwa fedha ni yake na jasho ni lake? Au yuko mtu mwingine aliyenyimwa haki yake?

TUSIWAHUKUMU WASIO NACHO

Kabla ya kujibu, yatupasa kuliweka wazi jambo moja. Wako wenzetu wengi ambao fedha yao haitoshi kwa sababu ni kidogo. Kibarua alipwaye kwa siku, mama auzaye mboga kando ya njia, mkulima ambaye zao lake limeshuka bei: hao wajua kupanga fedha kuliko wengi wa wale wanaowahubiria, maana kwao shilingi 500 ikipotea, chungu cha jioni hakipikwi. Kumwambia mtu wa namna hiyo "weka akiba," bila kuuliza analipwa kiasi gani, ni kumtwika lawama isiyo yake.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alilipanga jambo hili kwa utaratibu ufaao. Kwanza alidai mfanyakazi apate ujira utoshao kumtunza yeye na jamaa yake. Ndipo akasema kwamba mfanyakazi mwenye busara, akilipwa hivyo, ataweza kupunguza matumizi na kujiwekea kidogo kidogo hata apate mali yake mwenyewe. Haki ya ujira ilitangulia, akiba ikafuata nyuma yake. Kwa hiyo mwajiri acheleweshaye mishahara hana ruhusa ya kuwafundisha wafanyakazi wake habari za kiasi, wala sisi hatuandiki ili kumpa maneno ya kujitetea.

Twasema, basi, na wale ambao kipato chao, kiwe kikubwa au cha wastani, huacha nafasi ya kuchagua. Nafasi hiyo ipo hata kwa wengi wanaodhani hawanayo. Tutoe mfano. Mtu apataye shilingi 600,000 kwa mwezi, akitumia shilingi 3,000 kila siku ya kazi kwa vitu ambavyo hakuvipanga, soda hapa, chipsi pale, bando jingine la simu kabla ya lile la kwanza kwisha, atakuwa ametoa shilingi 78,000 kwa siku 26. Kwa mwaka ni shilingi 936,000. Zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja na nusu umekwenda, wala hakuna siku hata moja ambayo alijiona ametoa fedha nyingi. Wazee waliliona jambo hili wakasema: bandu bandu huisha gogo.

FEDHA ILIYOKWISHA AHIDIWA

Wengi hujibu hivi: "Nimeitolea jasho mwenyewe. Nikiitumia nipendavyo, nani amedhulumiwa?" Jibu hilo tusilidharau. Ni kweli kwamba mtu ana haki juu ya matunda ya kazi yake, na ni vibaya kumgeuza baba wa nyumba kuwa mtoto wa kuombewa ruhusa kila anunuapo kikombe cha chai.

Lakini tuutazame mshahara jinsi ulivyo siku ile upokelewapo. Sehemu yake moja ni ya mwenye nyumba, maana tumekwisha kulala chini ya paa lake. Sehemu nyingine ni ya mwenye duka, ambaye aliandika jina letu katika daftari lake tulipochukua sukari na mafuta katikati ya mwezi. Sehemu ni ya mtoto: hata kama ada ya shule za serikali iliondolewa, na kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne iliondolewa mwaka 2016, mtoto bado ahitaji sare, madaftari, viatu, nauli na chakula cha mchana. Sehemu ni ya mama mzazi aliyebaki kijijini. Sehemu ni ya homa ambayo haijaja lakini itakuja usiku usiojulikana. Na sehemu ni ya yule mzee ambaye kila mmoja wetu atakuwa, ambaye mikono yake haitaweza tena kazi hii tuifanyayo leo.

Hao wote fedha yetu ni yao kabla hatujaigusa. Wengine tumewaahidi kwa mdomo, wengine tumewaahidi siku ya ndoa, wengine tumewaahidi kwa kuwaleta duniani. Tena wote wana jambo moja lifananalo: hawapo dukani wakati sisi tunapotoa fedha. Mwenye duka yupo, bidhaa ipo, macho yetu yapo. Mtoto yuko darasani, na mama mzazi yuko mbali. Asiyekuwapo hana sauti, na ndiyo maana husahauliwa kwa urahisi sana.

Tufikirie baba mmoja apitaye Kariakoo siku moja baada ya kupokea mshahara. Kipaza sauti chapiga kelele: bei ya kutupa, leo tu, kesho hakuna. Aona viatu ambavyo jana viliuzwa shilingi 50,000. Leo ni 40,000. Ana jozi mbili nyumbani, tena nzima. Anunua, na moyoni asema ameokoa shilingi 10,000. Hakuokoa kitu, ametoa shilingi 40,000 ambazo asubuhi hazikuwa na safari hiyo. Mwezi ujao mtoto wake atarudi kutoka shuleni na habari kwamba ahitaji sare mpya, naye baba atamjibu kwamba hana fedha. Hatakuwa amesema uongo. Lakini fedha ya sare ilikuwapo, nayo iko miguuni mwake.

Hapa ndipo tuonapo jibu la swali letu. Aliyenunua kwa msukumo hakukosa kwa kupenda kitu kizuri. Kupenda vizuri ni tabia njema ya mwanadamu. Wala hakukosa kwa kutojua kujumlisha. Amekosa kwa sababu ametoa kwa mkono mwepesi kitu ambacho wenyewe walikuwa mahali pengine, wakimtumaini. Kutawala fedha, kabla ya kuwa ujanja wa kutajirika, ni sehemu ya haki.

NGAZI YA MTAKATIFU THOMAS

Lakini kama jambo liko wazi hivyo, mbona watu wema hulikosea kila mwezi? Baba yule wa Kariakoo ampenda mwanawe. Tungemwuliza barabarani, "Sare ya mtoto na jozi ya tatu ya viatu, kipi kitangulie?" angejibu mara moja, tena kwa haki. Ajua lililo jema, na bado atenda jingine. Wanafalsafa tangu Wayunani wa kale wameshangazwa na jambo hilo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alipoandika juu ya makosa yapinganayo na busara, alilitaja la kwanza lao kuwa ni kukurupuka. Akalieleza kwa mfano wa mtu ashukaye kutoka juu. Anayeshuka vizuri hupita vidato vya ngazi kimoja kimoja, anayeviruka huanguka. Vidato hivyo, asema, ni kukumbuka yaliyopita, kuyafahamu yaliyopo, kuwa mwepesi wa kuyaona yajayo, kupima jambo moja kwa jingine, na kukubali kufundishwa na waliotutangulia. Juu ni akili, chini ni tendo. Mtu akitoka kwenye tamaa akafika kwenye tendo bila kukanyaga kidato hata kimoja, hakuchagua; ameporomoka tu.

Tuichukue ngazi hiyo twende nayo sokoni. Kukumbuka yaliyopita: kile kitu nilichokitamani hivi mwezi wa tatu, leo kiko wapi? Labda kiko chini ya kitanda, kimefunikwa na vumbi. Kuyafahamu yaliyopo: mfukoni mna kiasi gani kilicho changu kweli, baada ya kutoa cha wenyewe? Kuyaona yajayo: Krismasi ikiisha yaja Januari, mwezi ambao watu wetu huuita mrefu ingawa siku zake ni 31 kama za Desemba, na urefu wake wote hutoka katika mifuko iliyomalizwa kwa shangwe. Kupima: nikichukua hiki, kipi kitakosekana? Na mwisho, kukubali kufundishwa: mke wangu, mume wangu, mama yangu, angesema nini?

Maswali hayo matano hayahitaji elimu kubwa. Yahitaji muda. Na hapo ndipo zama zetu zina shida ambayo babu zetu hawakuijua kwa ukali huu.

VIDATO VILIVYOKATWA

Zamani maisha yenyewe yaliijenga ngazi, hata kwa mtu asiye na busara. Duka lilikuwa mbali. Aliyetamani kitu usiku alingoja kukuche. Fedha ilikuwa katika kibubu, na kibubu hakifunguliwi bila kuvunjwa, wala hakivunjwi bila nyumba nzima kusikia. Mpaka mtu amefika dukani, nusu ya tamaa ilikwisha kupoa njiani.

Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Nyingine za makampuni mengine zikafuata. Hatuna budi kusema kwa haki kwamba ni msaada mkubwa. Mtoto aliye mjini humtumia mama yake fedha ya dawa, nayo yafika kabla uji haujapoa. Mfanyabiashara hasafiri tena na maburungutu ya noti akihofia wezi. Hatutamani kurudi nyuma.

Lakini chombo kilekile kilichoondoa umbali kati ya mwana na mama yake, kimeondoa pia umbali kati ya tamaa na mfuko. Picha ya kitenge yaonekana katika simu saa 4 za usiku, tumelala. Simu ileile ndiyo mkoba. Namba ya siri ni tarakimu chache. Na kabla mtu hajageuka upande wa pili, kitenge kimenunuliwa. Hakuna aliyesikia kibubu kikivunjika. Hata kukosa fedha, kulikokuwa kidato cha mwisho cha kumzuia mtu, kumeanza kuondolewa. Mwaka 2019 ilianza Kenya huduma iitwayo Fuliza, ambayo humwezesha mtu kukamilisha malipo hata kama fedha iliyomo katika simu yake haitoshi. Pengo hujazwa kwa mkopo wenye ada. Kwetu pia huduma za namna hiyo zipo. Kwa mtu aliyekwama na mgonjwa hospitalini ni mkombozi. Kwa mtu anayenunua kwa msukumo, ni mkono umsukumao mgongoni.

Vijana wengine wamekwenda mbali zaidi: wameketi na simu wakiweka mikeka ya mechi za mpira, wakitumaini kurudisha kwa bahati kile walichokitoa kwa haraka. Hilo ni jambo la kuandikiwa siku yake. Tulitaje tu kwa kuwa mzizi ni uleule: kutaka kufika chini bila kukanyaga ngazi.

DENI LIFUATALO NYUMA

Mtu atumiaye cha wenyewe hufika siku wenyewe wanapokidai. Hapo hukopa. Na ubaya wa deni la namna hii ni kwamba halikukopwa kwa ajili ya shamba wala cherehani, ambavyo huzaa kitu cha kulipia, bali limekopwa kuziba shimo la kitu kilichokwisha liwa.

Katika karne ya 4, Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alihubiri juu ya Zaburi ya 14 akiwakemea watoza riba. Lakini hakuishia kwao. Aliwageukia pia wakopaji, akaeleza hali yao kama mtu aliyewaona kwa macho. Mwanzoni, alisema, mkopaji ni mtu wa furaha, ang'aa kwa mali isiyo yake. Kisha fedha yapungua huku siku zaenda mbele na riba yaongezeka. Usingizi wamtoka. Mlango ukibishwa, ajificha. Mbwa akibweka, jasho lamtoka. Miaka zaidi ya 1,600 imepita, na aliyebadilika ni mbwa peke yake: leo ni simu iliayo kwa namba isiyojulikana.

Watu wetu wamelipa jina mikopo hiyo: kausha damu. Tuseme mama amekopa shilingi 100,000 na kutakiwa kurudisha 130,000 baada ya mwezi. Akishindwa, akakopa tena kwa masharti yaleyale ili alipe la kwanza, baada ya miezi mitatu deni lililoanza kwa 100,000 limekuwa 219,700, naye hajala kitu kipya. Wako wakopeshaji wa simuni waliolalamikiwa kwa kuwatumia ndugu, majirani na hata mwajiri wa mkopaji ujumbe wa kumwaibisha. Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila leseni, na kuzifungia. Serikali imefanya vyema. Lakini hakuna sheria iwezayo kufunga mlango ambao sisi wenyewe huufungua kila mwezi. Mkopeshaji mbaya aishi kwa haraka yetu. Tungejifunza kungoja, wengi wao wangekosa kazi. Kukopa harusi, kulipa matanga: methali hii wote twaijua, ila huikumbuka zaidi wakati wa matanga.

HATUHUBIRI UBAHILI

Hapa twasikia mtu akisema: "Basi mwataka tuwe mabahili. Tuhesabu kila senti, tumnyime mgeni chai, tuikimbie misiba na harusi." La, hasha.

Aristotle, akiandika juu ya ukarimu, aliuweka katikati ya makosa mawili: ubadhirifu upande huu na ubahili upande ule. Tena alisema kati ya hao wawili mbadhirifu ni afadhali, kwa sababu aweza kuponywa na umri au na umaskini, na kwa sababu tayari anajua kutoa. Kilichopungua ni kutoa ipasavyo. Bahili ni mgonjwa asiyepona. Mtakatifu Thomas alikubaliana naye. Kwa hiyo hatutaki kumtibu mbadhirifu kwa kumgeuza bahili. Hilo lingekuwa kumtoa katika homa na kumtia katika ukoma.

Lakini tumtazame mbadhirifu vizuri. Watu humwita mkarimu, kwa kuwa mkono wake haufungwi. Je, ni mkarimu kweli? Siku jirani yake afiwapo, hana kitu. Siku mtoto wa dada yake akosapo nauli ya kwenda chuoni, atoa pole. Alivyotoa, alimpa yule aliyemfikia kwanza, au aliyepiga kelele zaidi, au aliyekuwa na watu wengi wa kumtazama. Aliye mwaminifu kwa fedha yake ndiye mwenye cha kutoa wakati wa haja, na hutoa kwa mwenye haki zaidi.

Jambo hili laonekana wazi katika michango ya harusi. Ni desturi nzuri. Yaonyesha kwamba ndoa si mali ya watu wawili tu. Lakini siku hizi kuna mchango wa harusi, mchango wa kuagwa bibi arusi, sare ya kitenge ya kamati, na jina la kila mtu huandikwa katika kundi la simu pamoja na kiasi alichoahidi. Mtu huahidi 100,000 kwa kuogopa macho ya watu, kisha humkopa mwenye duka unga wa watoto. Fedha itolewayo kwa aibu haiwezi kuitwa zawadi. Mtoaji ameinunua heshima yake, tena kwa bei kubwa. Ni vigumu kusema, "Ndugu yangu, uwezo wangu ni 20,000, nazo natoa kwa moyo wote." Twakiri kwamba ni vigumu sana, hasa kwa jamaa wa karibu. Lakini mtu mwenye mpango ana neno la kujibu, maana ajua kiasi chake. Asiye na mpango hana hata namna ya kukataa kwa heshima.

Wengine nao hujifariji kwa msemo, "Ponda mali, kufa kwaja." Twawaomba wafikiri: kufa kwaja kweli, lakini wajane na yatima hubaki.

MEZANI PA NYUMBA

Yafaa sasa tuseme la kufanya, tusije tukawaacha wasomaji wetu na lawama tupu. Vidato vilivyokatwa na zama hizi hatuna budi kuvijenga upya kwa mikono yetu.

La kwanza ni mume na mke kuketi pamoja siku ya mshahara, kabla ya shilingi yoyote kutoka. Twajua nyumba ambazo mke hajui mume apata kiasi gani, na ambazo mke naye ana fedha yake iliyofichwa kwa kuwa haamini ya mumewe. Katika nyumba hizo kila mmoja hununua kwa siri, na kila siri huzaa nyingine. Siku fedha ikikosekana, wanagombana juu ya unga, na kumbe ugomvi wenyewe ni juu ya uaminifu. Ulioanza kwa viatu vya 40,000 waweza kuishia mahali pasipofikiriwa. Waketi, basi, na daftari. Wawaandike wenyewe wa fedha hiyo kwa majina: mwenye nyumba, duka, shule, wazazi, ugonjwa, sadaka, uzee. Kila mmoja apewe fungu lake kwanza, hata likiwa dogo. Watoto wakubwa waitwe wasikie; mtoto ajuaye hesabu ya nyumba haombi kama yule adhaniye kwamba fedha hutoka katika simu.

La pili, liwepo fungu dogo la furaha, nalo liwe halali kabisa. Baba na mama kila mmoja apewe kiasi chake cha kutumia bila kuulizwa. Mpango usioacha nafasi ya soda moja hauishi hata juma mbili. Mtu huuvunja wote kwa hasira.

La tatu, kila kitu ambacho hakikuandikwa na chazidi kiasi walichopatana, kilale siku tatu. Wakikitaka bado siku ya nne, na fungu lake lipo, wakinunue kwa amani. Tamaa nyingi hazifiki siku ya nne. Na fedha ya mafungu makubwa isikae katika simu ileile ilalayo mkononi.

La nne ni kuweka akiba pamoja na wengine, maana nguvu ya mtu mmoja mbele ya tamaa yake ni ndogo. Kanisa lina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1462 Wafransisko walisimamisha mjini Perugia, Italia, nyumba ya kuwakopesha maskini kwa rehani ili kuwatoa mikononi mwa watoza riba. Na mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano, chini ya Papa Leo X, ulizikubali nyumba za namna hiyo kutoza kiasi kidogo cha kulipia gharama zake. Mwaka 1900 Alphonse Desjardins, akisaidiwa na mkewe Dorimène, alianzisha mjini Lévis, Kanada, chama cha akiba na mikopo cha watu wa kawaida, kilichoanza kwa akiba za senti chache chache. Leo ni taasisi kubwa ya fedha katika nchi hiyo.

Sisi tuna SACCOS na VICOBA. Wanachama wa kikoba hukutana kwa siku iliyopangwa, hununua hisa mbele ya wenzao, na aliyechelewa hutozwa faini. Vikundi vingi vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali, hata hakuna awezaye kulifungua peke yake usiku kwa kuwa ameona kitu kizuri. Waliobuni sanduku hilo waliujua moyo wa mwanadamu. Tamaa hufungua kufuli moja kwa urahisi. Kufuli tatu huihitaji ieleze sababu mbele ya watu. Ila tuonye: anayekopa katika kikoba ili anunue sare ya sherehe amelipeleka kosa lilelile mahali pa heshima.

Nasi twaomba kila nyumba isomayo gazeti hili ianze na mwezi huu mmoja. Msingoje mshahara uongezwe, maana nao utapata njia yake ya kutoka. Nunueni daftari la shilingi chache. Siku fedha ifikapo, andikeni majina ya wenyewe kabla ya kutoka nyumbani, na chini yake andikeni kila kitakachotoka, hata cha shilingi 500, mpaka mwezi uishe. Kisha mume na mke walisome daftari hilo pamoja, bila kelele, na waulizane ni nani kati ya walioandikwa juu ambaye hakupata chake.